Mlima wa Usiku

Nilikuwa na umri wa miaka 9 mjomba wangu aliponichukua katika safari yangu ya kwanza ya bara, kutoka Tanga kwenda Mombo, juu ya lori lililopakia magunia ya chumvi na nazi, na usiku ulitukuta tumekwisha kuipita Korogwe, mashamba ya mkonge yakiwa kushoto kwetu na milima ya Usambara, kwa maneno ya mjomba, ikiwa kuliani. Nasema kwa maneno ya mjomba kwa sababu mimi sikuiona. Mtoto wa pwani, aliyezoea upeo wa macho ulionyoka juu ya bahari kama uzi wa fundi mwashi, alikuwa ameahidiwa milima, akakesha njia nzima asije akapitwa nayo. Na sasa ulikuwa usiku usio na mwezi, rejeta ya lori imechemka, dereva amezima mtambo, kimya kimetuzunguka pande zote, na mlima haukuwapo.

"Mjomba," nikamwuliza, "milima iko wapi?"

"Usiitafute milima, mjomba," akanijibu, maana kwetu jina hilo hurudishwa kwa mpwa kama salamu irudishwavyo kwa aliyeitoa. "Tazama nyota. Pale zinapokoma, ndipo mlima ulipo."

Nikainua macho, nikazifuata nyota kutoka utosini kushuka chini, na kweli zilikuja kwa wingi hata zikafika mahali zikakoma kwa ghafula, kama waliokatazwa kuvuka. Mpaka ule ulipanda, ukavunjika, ukashuka, ukapanda tena. Hapakuwa na mti, wala jabali, wala njia. Palikuwa na ukingo tu, na chini ya ukingo weusi mtupu. Nyota moja peke yake ilikuwa imekosea mahali, imebaki ndani ya weusi ule, chini sana kuliko nyingine zote, na rangi yake ilikuwa ya manjano. Nitairudia nyota hiyo baadaye. Kwa sasa yatosha kusema kwamba kitu kikubwa kuliko vyote nilivyokuwa nimeviona duniani nilikijua kwanza kwa kile kilichokosekana.

Miaka mingi ilipita, na mjomba akatangulia mbele ya haki, kabla sijaona katika kitabu taswira iliyochorwa na Paul Klee mwaka 1915, nayo yaitwa kwa jina la mlima wa kwao, Niesen. Niliitazama, na lori na nyota na sauti ya mjomba vikanirudia kwa pamoja. Na tangu siku ile limenikaa moyoni swali ambalo huonekana kuwa la wachoraji, walakini nadhani ni la watu wote wenye imani. Mtu auondoleaye mlima miti yake, mito yake, mawe yake na wakazi wake, hata akabakiwa na pembetatu ya buluu chini ya mwezi, je, ameukaribia ukweli wa mlima au ameukimbia? Na kwa kuwa kila aabuduye, afunguapo kinywa kumtaja Asiye na mfano, hulazimika kwanza kuchagua ni maneno gani ayaondoe katika ulimi wake, swali la mchoraji na swali la mwenye kusali ni ndugu wa tumbo moja.

Yafaa tukiri kwanza kwamba usiku wenyewe ni mchoraji wa namna hii, na alianza kazi kabla ya binadamu kushika brashi. Ndani ya jicho mna chembe za nuru za aina mbili: moja, zipatazo milioni 6, hutambua rangi na vijambo vidogo vidogo, lakini hutaka nuru nyingi; nyingine, zipatazo milioni 120, huridhika na nuru haba, lakini hazijui nyekundu wala kijani, wala haziwezi kusoma mshipa wa jani. Jua lishukapo, za kwanza hulala na za pili huamka, na kukamilika kwa zamu hiyo huchukua nusu saa au zaidi. Mwanazuoni wa Bohemia aitwaye Jan Purkyně aliyaeleza mwaka 1825 yale ambayo wakulima na mabaharia waliyaona bila ya kuyaeleza, kwamba magharibi inapoingia rangi nyekundu hufa mapema na buluu hudumu. Basi mlima wa usiku kuwa wa buluu, na kuwa umbo pasipo vijambo, haukuanza katika njozi ya wasanii. Ndivyo Muumba alivyolipanga jicho: limepewa saa za kuhesabu na saa za kujumlisha.

Klee alizaliwa mwaka 1879 karibu na mji wa Bern, katika nchi ya Uswisi, na Niesen ni mlima wenye kimo cha mita 2,362, uliosimama kando ya ziwa la Thun, ambao kwa jinsi mbavu zake zilivyochongwa sawasawa watu wa huko huufananisha na piramidi za Misri. Mwezi wa Aprili, 1914, pamoja na rafiki zake August Macke na Louis Moilliet, alivuka bahari akaingia Tunisia, akaiona Tunis na Hammamet, na hatimaye Kairouan, mji ulioasisiwa na Uqba bin Nafi mwaka 670, ambao kuta zake ni miraba, kuba zake ni duara, na vivuli vyake hukatwa kwa jua kama nguo ikatwavyo kwa mkasi. Huko aliandika katika shajara yake kwamba rangi imemmiliki, na kwamba hana haja tena ya kuikimbilia. Siku zao huko Tunisia hazikuzidi wiki mbili. Lakini msomaji wa pwani aliyekulia mbele ya zidaka za nyumba ya mawe, zilizopangwa ukutani safu juu ya safu, kila moja mstatili mtupu ulioachwa upokee kivuli, hatastaajabu kwamba siku chache katika mji wa Kiislamu zilitosha kumwonyesha mtu mwenye macho kwamba umbo tupu si umaskini, na kwamba nafasi iliyoachwa wazi kwa makusudi ina heshima yake.

Taswira ya Niesen ni ya rangi za maji, juu ya karatasi ndogo ambayo viganja viwili vya mtu mzima vyaweza karibu kuifunika yote. Mlima umesimama ndani yake kama pembetatu ya buluu, hauna theluji wala korongo, wala hauombi kusifiwa kwa ukubwa. Juu yake mbingu imetiwa alama chache za mwezi na nyota, ambazo mtoto angeweza kuzichora na mzee angeweza kuzitazama hata asubuhi. Chini yake, mahali ambapo kwa kweli pana mashamba na makazi, mchoraji ametandaza miraba na mistatili ya rangi moto, imepakana na kusukumana kama viraka vya nguo ya mtu aliyefanya kazi nyingi. Jicho hupita katika viraka hivyo kama mtu apitavyo sokoni, kwa kugongana na kuombana radhi, kisha lifikapo kwenye buluu hupunguza mwendo, hutulia, na lifikapo mwezini huwa limenyamaza. Hivyo ndivyo mtu apandavyo mlima: miguuni pana kelele, na kileleni pana pumzi yake peke yake.

Nikirejea sasa kwa swali letu, nakuta kwamba maandiko matakatifu yaliufunga mlima na usiku katika fundo moja kabla ya mchoraji yeyote. Katika Sura ya An-Nabaa, aya ya 7 yaifananisha milima na vigingi, na aya ya 10 yaufananisha usiku na vazi. Nimeitafakari mifano hii miwili mara nyingi. Kigingi ni kitu ambacho kazi yake iko katika sehemu isiyoonekana, kwa hiyo aonaye kichwa cha kigingi bado hajaona kigingi. Na vazi halimfuti avaaye: humsitiri ngozi na makovu, na humdhihirisha kimo na mwendo, ndiyo maana twaweza kumtambua mama yetu kwa mbali amevaa buibui, miongoni mwa wanawake mia waliovaa kama yeye. Kumbe kusitiri na kudhihirisha si maadui. Usiku huuvika mlima, na kwa kuuvika hutuonyesha jinsi ulivyosimama.

Kadhalika katika Sura ya Al-An'am tunamwona Nabii Ibrahimu akiitazama nyota, kisha mwezi, kisha jua, na kila kimoja kilipokuchwa alikikanusha, hata alipokwisha kuondoa vyote viondokavyo akaelekeza uso wake kwa Yule asiyeondoka. Wanazuoni wetu, na watu wa dhikri waliowafundisha watoto wa pwani kuvuta pumzi kwa jina la Mola, wana maneno mawili kwa jambo hili: nafi, yaani kukanusha, na ithbati, yaani kuthibitisha. Shahada yenyewe huanza na neno la kukanusha, na ulimi hupita katika nafi kabla ya kufika kwenye ithbati, kama mgeni apitavyo katika daka kabla ya kukaribishwa ndani. Wakristo nao wana njia hiyo. Kitabu cha Kutoka kinamwonyesha Musa akilikaribia giza nene alimokuwamo Mungu, na Gregory wa Nyssa, askofu wa karne ya 4, alitunga kitabu kizima juu ya maisha ya Musa, akaonyesha jinsi safari iliyoanzia kwenye nuru ya kijiti kilichowaka ilivyoishia ndani ya kiza, kwa sababu amkaribiaye Mungu huzidi kujua kwamba hajui. Dini mbili, mlima mmoja, na mlimani kiza.

Labda mtu atauliza kwa nini kinachobaki baada ya kuondoa kiwe pembetatu na duara, na si kitu kingine. Jawabu limo katika nyaraka za Ikhwanu Safaa, wale wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10, walioiweka elimu ya maumbo miongoni mwa masomo ya mwanzo kabisa, wakafundisha kwamba mwanafunzi huanza na maumbo yaonekanayo kwa macho, ili apate kuzoea yale yaonekanayo kwa akili peke yake, na hayo yamwandae kwa yasiyoonekana kabisa. Mti una nchi yake na msimu wake. Mshipi wa vazi una kabila lake. Lakini pembetatu haina kwao, haizeeki, haina bwana, na kila mtu aikutapo huikuta kama aliyekuwa akiijua. Mchoraji anapouvua mlima hata ukawa pembetatu, huufikisha mahali ambapo mtu wa Bern na mtu wa Tanga wanaweza kuutazama pamoja bila ya mmoja kuwa mwenyeji na mwingine kuwa mgeni.

Walakini sitaki kuusema ukweli nusu. Ziko hoja mbili nzito dhidi ya sanaa hii, na mwenye kuipenda ndiye hasa apasaye kuzisikiliza.

Hoja ya kwanza ni kwamba kuondoa ni woga. Mwezi Agosti, 1914, vita kuu vililipuka, na mwezi Septemba, hata miezi 6 haijatimia tangu safari ya Tunisia, August Macke aliuawa vitani Ufaransa akiwa na umri wa miaka 27. Ndipo Klee akaandika katika shajara ya mwaka 1915 kwamba kadiri dunia inavyozidi kutisha ndivyo sanaa inavyozidi kuyaacha maumbo ya dunia. Je, si kukiri huko kwamba alikuwa akikimbia, na kwamba ule mlima wa buluu ni pango la mtu aliyeziba masikio? Mimi nasema kuna kukimbia na kuna kukimbilia. Anayekimbia hutaka kusahau. Anayekimbilia hutafuta mahali ambapo kile alichokipenda hakiwezi kufikiwa na risasi. Aliyempoteza rafiki mwezi Septemba, kisha akachora mlima wa kwao ukiwa umetulia juu ya viraka vya dunia iliyochanika, hakumsahau rafiki yake, bali alikataa kuvipa vita neno la mwisho. Na dhalimu hudhihirisha thamani ya kitu kwa jinsi akichukiavyo: mwaka 1933 watawala wapya wa Ujerumani walimwondoa Klee katika kazi ya ualimu huko Düsseldorf, na mwaka 1937 kazi zake 17 zilitundikwa katika maonyesho yaliyoandaliwa makusudi kuitukana sanaa ya namna hiyo. Hakuna mtawala ahangaikaye kutukana kitu kitupu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni kwamba kuondoa ni dhuluma. Hapa namkumbuka Lawren Harris wa Kanada, aliyezaliwa mwaka 1885, mmoja wa wale wachoraji saba walioungana mjini Toronto mwaka 1920. Kuanzia mwaka 1924 alikwenda mara kwa mara katika milima mikubwa ya magharibi ya nchi yake, na kila alipoichora aliipunguza, hata ilipofika mwaka 1930 vilele vyake vilikuwa vimesimama kama maumbo ya hisabati, baridi, laini, katika mwangaza usiojulikana kama ni wa mchana au wa usiku. Alikuwa mtu wa mafunzo ya theosofia, na kwake mlima ulikuwa ngazi ya roho. Aliacha hata kutia saini na tarehe katika kazi zake, ili mtazamaji akutane na taswira pasipo mtu wa kusimama kati. Unyenyekevu huo nauheshimu. Lakini katika milima ile wapo watu, wakiwamo Stoney Nakoda, ambao makazi yao yako chini ya vilele hivyo tangu kabla ya Kanada kuitwa nchi, na katika weupe ule hawamo, wala moshi wao haumo, wala njia zao hazimo. Mtu aliyeiona milima kwa taswira hizo peke yake ataamini kwamba ilikuwa mitupu, ikingoja. Na tunajua, sisi tuliotawaliwa, maovu yaliyofanywa duniani kwa kisingizio cha ardhi tupu.

Sina jawabu la kuifuta hoja hii, wala sitaki ifutwe. Ninachoweza ni kupambanua. Nafi ni daka, na aliyejenga daka pasipo nyumba amejenga mahali pa kupita upepo. Kuondoa kunakoishia katika kuondoa ni kiburi, hata kukivaa nguo za ibada, kwa sababu mtu huyo ameifanya dunia iwe safi kwa kuwafukuza waliomo, na kuondoa kunakoongoza katika kuthibitisha ni unyenyekevu, kwa sababu mtu huyo amesema, "Haya niliyoyajua kuhusu mlima nayaweka kando, ili mlima wenyewe unijie." Tofauti ya wawili hao hujulikana baadaye, mtazamaji anapoiacha taswira na kutoka nje. Ikiwa anarudi katika dunia akiwaona watu kuwa uchafu juu ya umbo zuri, sanaa ile imemdhuru. Ikiwa anarudi macho yake yakiwa yameoshwa, tayari kushangazwa na wa kwanza kumpitia, basi kiza kile kilikuwa cha rehema. Na kwa sababu hiyo, katika mizani yangu mimi, karatasi ndogo ya Klee huishinda turubai kubwa ya Harris: kileleni aliondoa vyote, lakini miguuni pa mlima aliacha viraka vyake, vyenye joto na msongamano wa wanaoishi.

Sasa nairudia ile nyota ya manjano. Tulikuwa tumekaa kando ya lori kwa muda mrefu, mjomba ameegemea gurudumu, nami nimeinama mapajani mwake nikiulinda ukingo wa mlima usije ukanitoka, nilipoona kwamba nyota ile inashuka. Ilishuka, ikapotea, ikatokea upande wa pili, ikapotea tena, kama nyota zisivyofanya. Nilimwamsha mjomba kwa hofu. Akatazama, akanyamaza, kisha akasema, "Hiyo si nyota, mjomba. Huyo ni mtu."

Alikuwa mzee wa Kisambaa, mkono mmoja kandili na mkono wa pili ndoo ya maji iliyofunikwa kwa majani ili isimwagike njiani. Alituamkia kwa lugha yake, kisha kwa Kiswahili. Mjomba alipomwuliza amejuaje kwamba tuna shida ya maji, alieleza kwamba alikuwa mlangoni pake huko juu, akaona taa za gari zimesimama mahali pasipo na nyumba, kisha zikazimwa, na gari lililosimama hapo aghalabu hutaka maji. Nikiwa mtoto sikuyafahamu maneno yale yalivyokuwa mapana. Mlima wetu ulikuwa kiza chenye nuru moja ndani yake, na bonde letu, kwake yeye, lilikuwa kiza chenye nuru moja ndani yake. Kila upande ulikuwa umbo tupu kwa mwenzake, na yeye ndiye aliyeamini kwamba ndani ya umbo mna watu, akashuka.

Dereva alifungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa. Mzee akainua ndoo akamimina taratibu, mvuke ukapanda mweupe mbele ya kandili, ukapita usoni pake, ukaendelea kupanda hata ukaziba nyota chache, mahali ulipokuwa mlima.